Utenzi, shairi, tarbia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu asili ya majina ya ushairi

Nafundisha Kiswahili hapa Kigoma, na kila mwaka tukifika kwenye mada ya ushairi maswali ni yaleyale. Wanafunzi huyauliza darasani, wazazi huyarudia wanapokutana nami Mwanga sokoni, na wazee wa barazani Ujiji huyageuza kuwa mjadala mpaka jua linazama upande wa Kongo. Nimeyakusanya hapa na majibu yake. Unaweza kuanzia swali lolote. Pale jibu linapotegemea jingine, nimetaja namba yake.

## Neno utenzi

1. Neno "utenzi" limetoka lugha gani?

Limetoka Kiswahili chenyewe. Halikukopwa popote. Mzizi wake ni *-tend-*, uleule wa kutenda. Mbele kimewekwa *u-*, nyuma ikawekwa *-i*. Irabu hiyo ya mwisho ikikutana na *d*, sauti *d* hugeuka *z*. Ndivyo kupenda kunavyotoa mpenzi, kulinda kunavyotoa mlinzi, na kupanda mbegu kunavyotoa mpanzi. Tendo, kitendo, mtendaji na utenzi ni watoto wa mama mmoja.

Kuna ndugu mwingine ambaye wanafunzi humsahau ingawa wanamwandika kila siku: kitenzi, kile cha sarufi. Kitenzi ni neno linalotaja tendo, na utenzi ni utungo unaosimulia matendo. Nikishawaonyesha hilo ubaoni, sihitaji tena kuwaambia wakariri maana.

2. Lipi ni sahihi, utenzi au utendi?

Yote mawili. Utendi ni matamshi ya kaskazini, Lamu na Pate, ambako tungo nyingi za zamani za aina hii ziliandikwa. Utenzi ni matamshi ya kusini, Unguja na Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekeana nayo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na ndiyo maana vitabu vyetu vya shule vina utenzi.

Ukinukuu utungo wa Lamu, acha jina lake kama mwenyewe alivyoliandika. Utendi wa Mwana Kupona usiugeuze kuwa utenzi kwa kudhani unamsahihisha. Bibi yule alijua alichoandika.

3. Kama utenzi maana yake ni matendo, mbona baadhi ya tenzi hazisimulii tendo lolote?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linaonyesha mwanafunzi ameanza kulisikiliza neno.

Tazama tungo mbili. Utungo wa Bwana Mwengo wa Athumani wa Pate, wa mwaka 1728, unasimulia vita vya Tambuka kati ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Hapo kuna farasi, panga, majeshi na mashujaa: matendo matupu. Sasa njoo mwaka 1858. Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, anamwandikia binti yake nasaha za dini, adabu na ndoa. Hakuna vita wala shujaa. Hata hivyo tungo zote mbili zinaitwa tendi.

Kilichotokea ni kwamba jina lilihama kutoka kwenye habari likaingia kwenye umbo. Mwanzo watu waliita utendi kwa sababu ya kinachosimuliwa. Kwa kuwa masimulizi hayo yalikuwa na ubeti wa namna moja, masikio yakazoea, na baada ya muda ubeti wenyewe ndio ukawa unaitwa hivyo. Ukishaingia kwenye umbo hilo, hata ukitoa mawaidha, utungo wako ni utenzi. Majina mengi ya ushairi yamepita njia hii ya kuhama (tazama swali la 17).

Uhusiano wa zamani haujafa lakini. Mwalimu Nyerere, aliyepata elimu yake ya sekondari Tabora, alizigeuza sehemu za Biblia kuwa tenzi, na mojawapo ni *Utenzi wa Matendo ya Mitume*. Soma jina hilo polepole. Utenzi na matendo, ndugu wawili kwenye mstari mmoja.

4. Umbo hilo likoje?

Ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane, yaani silabi nane. Vipande vitatu vya kwanza vinaishia kwa kina kimoja, yaani sauti ya mwisho inayofanana. Kipande cha nne kina kina chake, na kina hicho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Huu hapa mfano niliowatungia wanafunzi wangu:

Kibirizi ufukweni
mitumbwi iko majini
dagaa wako juani
wavuvi wapumzika.

Wanunuzi wafikao
waja na magari yao
wapanga na bei zao
mzigo ukabebeka.

Kina *-ni* kilikaa ubeti mmoja kikaondoka, kikaja *-o*. Lakini *-ka* ya mwisho imebaki, na ingebaki hata kama ningetunga beti mia tatu. Ukihesabu "wapumzika" kumbuka kwamba *m* ile ni mizani inayojitegemea.

5. Tenzi tunazoimba kanisani nazo ni utenzi?

Kwa jina, ndiyo. Kwa umbo, mara nyingi hapana. Ukifungua kitabu cha *Tenzi za Rohoni* utaona kila wimbo una kipimo chake kinachofuata muziki wake, wala haulazimiki kuwa na mizani nane. Hapo neno tenzi limetumika kwa upana, likimaanisha nyimbo za ibada. Si kosa. Kwenye mtihani tu, mtahini akiuliza umbo la utenzi, usimpe mfano kutoka kwenye kwaya.

## Neno shairi

6. Na "shairi" je?

Hili limetoka Kiarabu: *shi'r*, yaani ushairi. Mzizi wake una sauti tatu, *sh*, *ayn* (sauti ya kooni) na *r*, na maana yake ya msingi ni kuhisi, kutambua, kung'amua. Kwa Kiarabu mshairi ni *shā'ir*, mtu ahisiye, mtu atambuaye ambalo wengine wamelipita.

Kiswahili hakina *ayn* na hakipendi konsonanti mbili kubanana bila irabu, kwa hiyo neno likafunguliwa likawa sha-i-ri. Kisha likavishwa mavazi ya nyumbani: mashairi kwa wingi, mshairi kwa mtu, ushairi kwa sanaa, kishairi kwa namna. Neno lililopokea viambishi vyote hivyo halihesabiwi tena kuwa mgeni, ingawa tunajua lilikotoka.

7. Shairi na shayiri, ile nafaka, vina uhusiano?

Vina uhusiano wa mzizi. Nafaka ya shayiri kwa Kiarabu ni *sha'īr*, na nywele ni *sha'r*. Zote zina sauti zilezile tatu. Suke la shayiri lina ndevu ndefu kama nywele, na wataalamu wa Kiarabu huliunganisha jina lake na hizo nywele. Ila kwetu maneno haya mawili yaliingia kila moja kivyake, na *y* ndiyo inayoyatenganisha kwenye maandishi. Mwanafunzi akiandika "shayiri lina beti tano" nampunguzia alama.

8. Kabla ya neno shairi, sisi tuliita nini?

Tuliita wimbo, na tuliita utungo. Maneno yote mawili ni ya Kibantu na yana umri mkubwa.

Wimbo ni kuimba, na kuimba kumetapakaa. Mnyamwezi wa Tabora husema *kwimba*, Mganda husema *okuyimba*, Mshona kule Zimbabwe husema *kuimba* vilevile kama sisi. Mzizi unaoenea hivyo hauhitaji cheti cha kuzaliwa.

Utungo ni mtamu zaidi, hasa kwa mtu wa Kigoma. Kutunga mwanzo wake ni kupitisha uzi au kamba kwenye vitu vilivyotobolewa. Mtoto hutunga shanga. Muuza samaki hutunga migebuka kwenye ukindu, mmoja baada ya mwingine, na ule mkufu wa samaki huitwa mtungo. Mshairi naye hupitisha uzi kwenye maneno. Uzi ukiwa dhaifu maneno yanamwagika, hata kama kila neno peke yake ni zuri.

Kinachonisisimua ni kwamba Waarabu nao, mbali kabisa na ukindu wetu, waliona picha hiyohiyo. Kwa Kiarabu neno jingine la ushairi ni *nazm*, na maana yake ya kwanza ni kupanga lulu kwenye uzi. Kutoka mzizi huohuo tumepata nidhamu. Siku nilipomweleza hayo mzee mmoja wa Ujiji, aliweka kikombe cha kahawa chini akaniambia, "Mwanangu, kumbe tulipokutana tulikuwa tayari tunafahamiana."

9. Majina ya pwani yalifikaje huku bara?

Kwa miguu kwanza. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ikaishia Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi na wafanyabiashara wa pwani waliitumia lugha moja njiani, na waliokaa walifungua vyuo vya Kurani. Chuoni ndiko mtoto alikosikia mashairi ya kidini na majina yake. Njia ile ilibeba pia pembe na watu waliotekwa, na sitaki mwanafunzi asome habari ya maneno akasahau waliolia njiani.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Gazeti la *Mambo Leo* lilianza mwaka 1923, na ndani yake wasomaji walitumiana mashairi na kujibizana. Kutoka Ujiji alitoka Saadani Abdu Kandoro, mshairi na mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, ambaye mashairi yake yalikuwa sehemu ya siasa ya kudai uhuru. Kwa hiyo anayedhani ushairi wa Kiswahili ni mali ya pwani peke yake amechelewa miaka mingi.

## Majina yanayohesabu

10. Tathnia, tathlitha, tarbia, takhmisa: nitayakumbukaje?

Usiyakariri. Tayari unayajua, ila hujayatambua. Kila moja lina namba ya Kiarabu ndani yake, na namba hizo tunazitumia sokoni na kwenye kalenda.

Tarbia ina mishororo, yaani mistari, minne katika kila ubeti. Sikiliza *r* na *b* zake: ndizo za robo na za arobaini. Takhmisa ina mitano, na mzizi wake uko kwenye Alhamisi, siku ya tano kwa hesabu ya Waarabu wanaoanza Jumapili, na uko kwenye hamsini. Tathlitha ina mitatu, nduguze ni theluthi na thelathini. Tathnia ina miwili, na ukisikia thenashara, kumi na mbili, umeisikia. Tasdisa ina sita, na huyu amejificha kidogo, maana sita na sitini vimepoteza *d* ambayo imebaki kwenye mzizi *s-d-s*.

11. Tarbia ya ushairi na tarbia ya malezi ni neno moja?

Yanaandikwa sawa lakini si moja. Tarbia ya ushairi ni *tarbī'*, yenye *ayn* mwishoni, kutoka namba nne. Tarbia ya malezi, ile tunayosikia kwenye mawaidha, ni *tarbiya*, kutoka mzizi wa kukua na kukuza. Kiswahili kilipoacha *ayn*, mawili yakagongana. Waliopita madrasa huuliza swali hili zaidi kuliko wengine, na wako sahihi kutilia shaka.

12. Takhmisa ni shairi lolote la mishororo mitano?

Kwa matumizi ya shule zetu leo, ndiyo. Kwa asili, takhmisa ni kazi ya kumtukuza mshairi mwingine: unachukua mishororo yake miwili, unatanguliza mitatu yako yenye kina kinachopatana, ubeti unatimia mitano. Ndivyo alivyofanya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoutilia takhmisa utungo unaohusishwa na Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani. Sauti mbili katika ubeti mmoja, ya marehemu na ya aliye hai. Nasikitika kwamba maana hii imefifia madarasani, na kila mwaka nawapa vijana zoezi hilo: chukua mishororo miwili ya mtu unayemheshimu, mtangulie kwa mitatu.

## Sehemu za shairi

13. Kwa nini ubeti?

Kwa Kiarabu *bayt* ni nyumba, na kwa watu wa jangwani nyumba ni hema. Waliupa mstari wa shairi jina hilo, kisha wakaendelea na ujenzi: nusu ya mstari wakaiita *misrā'*, ubao mmoja wa mlango wenye mbao mbili, na vipande vidogo vya mapigo wakaviita *watad*, kigingi, na *sabab*, kamba. Hiyo *sabab* ndiyo sababu yetu. Kamba ya kufungia hema ilikuja kumaanisha kinachounganisha jambo na chanzo chake.

Angalia Kiswahili kilivyofanya. Kwao *bayt* ni mstari mmoja wenye nusu mbili. Kwetu ubeti ni kundi zima la mishororo. Tena sisi tulisikia beti tukadhani ni wingi, tukaupatia umoja: ubeti mmoja, beti mbili, kama ukuta na kuta. Nyumba ilihamia kwetu ikaongezwa vyumba.

14. Sisi tuna ziwa. Kwa nini aina ya shairi iitwe bahari?

Swali la Kigoma kabisa hili. Neno ni *bahr*, bahari ya maji, na ni istilahi ya elimu ya arudhi, yaani elimu ya vipimo vya mashairi, iliyoasisiwa na al-Khalil bin Ahmad wa Basra katika karne ya 8. Al-Khalil alizipambanua bahari 15 za mapigo ya mashairi ya Kiarabu, na ya 16 iliongezwa na al-Akhfash. Bahari moja ina maji yasiyokwisha: washairi elfu wanaweza kuchota humo na isipungue. Ndivyo wengi wanavyolieleza jina hilo, na mtu aliyekaa Katonga akitazama maji yasiyo na ukingo wa pili siku za ukungu haoni shida kulielewa.

Ila tahadhari. Bahari za al-Khalil hupimwa kwa silabi ndefu na fupi. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa namna hiyo, hivyo bahari zetu hutambuliwa kwa idadi ya mizani, mpangilio wa vina na vipande. Jina limekopwa, kipimo ni chetu.

15. Mizani ni ileile ya dukani?

Ileile. Imetoka kwenye mzizi wa kupima uzito, ambao pia umetupa uzani.

16. Kibwagizo na kipokeo vina tofauti gani?

Vyote hutaja mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, na vyote ni vya Kibantu. Tofauti iko kwenye picha. Kibwagizo kinatokana na kubwaga, kutua kitu chini kwa kishindo. Kipokeo kinatokana na kupokea, na kiitikio, jina jingine, kinatokana na kuitika.

Mimi siwezi kuyasikia maneno haya bila kuwaona wapagazi. Mmoja anabwaga mzigo, mwenzake anaupokea, safari inaendelea. Sisemi kwamba majina yalizaliwa kwenye misafara, maana pwani wanayo pia. Nasema kwamba kwa mwanafunzi wa Tabora ambaye babu zake walibeba mizigo mpaka baharini, picha hiyo inafundisha kazi ya kibwagizo haraka kuliko fasili ya kitabuni: mwimbaji anatua, hadhira inabeba.

## Majina yaliyohama

17. Kaswida ni shairi au ni wimbo?

Huku kwetu ni wimbo wa dini, unaoimbwa kwenye maulidi na harusi, mara nyingi kwa dufu. Kwa Kiarabu *qasīda* ni shairi refu lenye kina kimoja mwanzo hadi mwisho, na laweza kuwa la sifa, la mapenzi, la majigambo au la matusi kwa adui. Mzizi wake ni kukusudia, uleule uliotupa kusudi na makusudi. Neno lilipofika kwetu likiwa limeshikana na sifa za Mtume, likabaki humo. Linganisha na swali la 3: utenzi ulitanuka, kaswida ikajibana.

18. Diwani wa kata na diwani ya mashairi vimekutana wapi?

Kwenye daftari. *Dīwān* ni neno la Kiajemi lililoingia Kiarabu, na maana yake ya awali ni orodha iliyoandikwa. Khalifa Umar alianzisha *dīwān* ya kuorodhesha waliostahili kulipwa kutoka hazina. Orodha ikahitaji ofisi, ofisi ikahitaji watu wa kukaa na kushauriana, na jina likawafuata hatua kwa hatua. Kwa upande mwingine, mashairi ya mtu mmoja yaliyokusanywa na kuandikwa pamoja nayo ni orodha, yakaitwa hivyo.

Kwetu yamefika yote. Ngeli ndiyo inayoyatenganisha: diwani *wa* kata, diwani *ya* mashairi. Na wafanyabiashara wanaovuka ziwa kwenda Kalemie au Bujumbura hukutana na ndugu wa tatu, *douane*, idara ya forodha kwa Kifaransa, aliyezunguka kupitia Italia kabla ya kuja kutukagulia mizigo.

## Maswali magumu zaidi

19. Majina mengi ni ya Kiarabu. Basi ushairi wetu umetoka Uarabuni?

Hapana, jina si ushahidi wa namna hiyo. Simama bandarini Kigoma utazame Liemba. Tunaiita meli, neno lililotokana na Kiingereza, kutoka kwenye vyombo vilivyobeba barua. Chombo chenyewe kilijengwa Ujerumani mwaka 1913, kikaletwa vipandevipande, kikaunganishwa hapa. Je, tuseme watu wa Ziwa Tanganyika hawakuwahi kuvuka maji kabla ya neno meli? Walivuka kwa mitumbwi, na wanavuka nayo hadi leo. Au chukua shule, neno la Kijerumani. Jando na unyago havikumsubiri Mjerumani.

Lakini usiangukie upande wa pili pia. Wapo wanaosema kwa kuwa utenzi na wimbo ni Kibantu, basi Waarabu hawakutuongezea kitu. Hilo nalo si kweli. Tungo zetu za kale zilizohifadhiwa ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, vipimo vina majina yao, na nyingi hufungua kwa jina la Mungu kama desturi ya Kiislamu ilivyotaka.

Ukiyapanga maneno yenyewe mezani, utaona jambo. Yanayotaja kupima na kuhesabu mengi ni ya Kiarabu: mizani, arudhi, bahari, tarbia. Yanayotaja kazi ya kinywa na mkono mengi ni yetu: kuimba, kutunga, kutenda, kubwaga, kupokea. Mgeni alikuja na rula. Sauti aliikuta. Kwenye mtihani andika hoja za pande zote mbili kisha toa msimamo wako kwa mifano, na usiwatukane wenye hoja nyingine.

20. Soneti na haiku zina majina gani kwa Kiswahili?

Hayohayo. Soneti ni neno la Kiitaliano, *sonetto*, sauti ndogo au wimbo mdogo, na ina mishororo 14. Haiku ni la Kijapani, ina vipande vya mapigo 5, 7 na 5. Sioni haja ya kuyabadili. Tuliweza kuifuga tarbia, tutaweza na haya.

21. Nimeona neno la shairi linafanana na neno la mahali kwetu. Je, asili ni moja?

Msomaji wa kata ya Gungu aliniuliza kama mtaa wake umetokana na gungu, ngoma ya kale ya pwani yenye tungo zake. Nilimjibu kwamba kufanana kwa sauti hakutoshi. Ili kuunganisha maneno mawili unahitaji mambo matatu kwa pamoja: mabadiliko ya sauti yanayojirudia kwenye maneno mengine (kama *d* na *z* kwenye swali la 1), ndugu wengine wa neno hilo, na njia inayoeleweka ambayo maana imepita. Tarbia na tarbia (swali la 11) zinafanana mia kwa mia, na bado si ndugu.

22. Naweza kubuni jina jipya la umbo langu?

Unaweza, na washairi wamefanya hivyo mara nyingi. Tafuta kitenzi au kitu ambacho kinafanya kile ambacho ubeti wako unafanya. Binti mmoja wa kidato cha tatu, nyumbani kwao Kibirizi, alitunga shairi ambalo kila ubeti ulikwenda mbali, mmoja Uvinza kwenye chumvi, mmoja Kasulu, mmoja Kongo, na neno la mwisho la kila ubeti likarudi kuwa lilelile la kwanza. Nilimuuliza umbo hilo analiitaje. Alifikiri kidogo akasema, "Mwalo, mwalimu. Kila mtumbwi unarudi hapohapo." Mwalo ni pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapofikia. Nimeliandika kwenye daftari langu kwa jina hilo, na mwaka huu wenzake wawili wametunga mwalo wao.